Barua 400 za karo kwa asubuhi moja, bila kumdai mzazi aliyelipa

Kama unapokea karo, kodi ya nyumba au pesa za maji kupitia Paybill, kuna kazi moja ambayo simu bado haijakuondolea: barua. Mwisho wa muhula, shule inataka kumwandikia kila mzazi kwamba amelipa kiasi gani na amebakisha kiasi gani. Mwenye ploti anataka kuwapa wapangaji notisi. Kikundi cha kisima kinataka kila mwanachama ajue mchango wake umefika wapi. Na wengi bado wanaifanya kazi hii kwa njia ya mkono. Unafungua barua ya muhula uliopita, unafuta jina, unaandika jipya, unafuta kiasi, unaandika kingine, unaprinti, unaanza tena. Ukifika barua ya sitini macho yamechoka, na jina la mtu mmoja linatoka na deni la mwingine.

Word inaweza kukufanyia kazi hii yote, na imekuwa na uwezo huo kwa miaka mingi. Unaandika barua moja tu, hiyo ndiyo kiolezo. Pale penye jina au kiasi unaacha nafasi, kisha unaiambia Word ichukue majina na viasi kutoka kwenye orodha yako ya Excel. Ikishamaliza, una barua mia nne, kila moja na mwenyewe. Vitufe vyake utavijua kwa nusu saa, na nitakuonyesha. Lakini kabla ya vitufe nataka tuzungumze kuhusu ile orodha, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika, na huku Garissa, Wajir na Mandera huharibika kwa njia ambazo vitabu vya kompyuta havizijui.

Safari ya bure hadi Wajir

Hivi karibuni nilikaa siku mbili na mhasibu wa shule moja ya kulala mjini Garissa. Aliomba nisiitaje shule, na nimekubali. Ina wanafunzi mia nne na kitu, wengi kutoka nje ya mji: Ijara, Fafi, Dadaab, Wajir, na wachache kutoka Mandera kabisa.

Muhula mmoja, kabla hajaanza kazi pale, shule iliprinti barua za madeni. Majina yakasomwa paredi asubuhi, na waliokuwa na salio kubwa wakaambiwa wapande basi, warudi na karo. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alienda hadi Wajir, kupitia Modogashe na Habaswein, zaidi ya kilomita 300. Alipofika nyumbani baba yake alishangaa. Alikuwa amelipa wiki tatu nyuma, na ujumbe wa kuthibitisha malipo ulikuwa bado kwenye simu yake.

Pesa hazikupotea. Ziliingia kwenye Paybill ya shule salama kabisa. Tatizo ni kwamba pale kwenye nambari ya akaunti baba aliandika jina la mwanawe, na shuleni wanafunzi wenye jina lile walikuwa wawili. Malipo yakaandikiwa yule mwingine. Kijana alikosa zaidi ya wiki moja ya masomo, nauli ya kwenda na kurudi ikaliwa, na baba alipokuja shuleni hakuja peke yake. Alikuja na wazee wawili. Kama unaijua Garissa, unajua hiyo maana yake nini: jambo limetoka kwenye hesabu, limeingia kwenye heshima. Shule ililazimika kuomba radhi mbele ya watu.

Mhasibu wa sasa aliniambia kwamba hicho ndicho kisa alichosimuliwa siku ya kwanza kazini, na ndiyo sababu alitumia likizo yake ya kwanza kupanga upya orodha. Mengi yaliyo hapa chini nimeyaona kwenye kompyuta yake.

Kwani barua za nini, si kila mtu ana simu?

Swali zuri. Kwa mzazi aliye Bulla Iftin au Bulla Punda, meseji inatosha. Lakini shule ina wazazi walio Hulugho, ama sehemu za Wajir na Mandera ambako mlingoti wa simu ukiharibiwa mtandao unaweza kukosekana kwa siku kadhaa. Kuna wazazi walio malishoni na mifugo, simu imezimwa hadi wafike mahali pa kuchajia. Kuna wanaotumia laini ya Somalia, ile inayoanza na +252. Barua ikipewa mwanafunzi anayefunga shule, au ikipewa dereva wa basi, inafika. Na ikifika inakaa. Mzee asiyesoma atamwita mtoto wa jirani amsomee, na mwezi ujao bado ipo.

Halafu kuna basari. Ofisi za basari za kaunti na za NG-CDF, pamoja na wafadhili, kwa kawaida hutaka karatasi ya shule yenye mhuri inayoonyesha salio. Screenshot ya meseji haitakusaidia pale.

Jina si ufunguo

Sasa tuingie kwenye orodha yenyewe. Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hufanya ni kutumia jina kama kitu cha kumtambulisha mtu. Kwingine unaweza kuponea. Huku hutaponea.

Fikiria jinsi majina ya Kisomali yanavyojengwa. Mtu ana jina lake, jina la baba, na jina la babu. Hakuna jina la ukoo linalorithiwa na familia nzima kama ilivyo kwa Wazungu. Kwa hivyo tuseme baba anaitwa Abdi Mohamed Hassan. Binti yake ataitwa Fatuma Abdi Mohamed. Ukipanga orodha kwa jina la mwisho, baba atakaa kwenye H na mtoto kwenye M, kana kwamba hawajuani. Mama naye habadilishi jina akiolewa, anabaki na jina la baba yake, kwa hivyo jina lake halifanani na la mume wala la mtoto kwa chochote.

Na majina yenyewe yanayotumika sana si mengi. Mohamed, Abdi, Hassan, Ali, Ahmed, Fatuma, Halima, Amina. Kwenye shule ya wanafunzi mia nne, majina matatu kufanana si ajabu hata kidogo. Watu wenyewe wana dawa yao: wanapeana majina ya utani. Kuna Mohamed Dheere, yaani mrefu, na Mohamed Yare, mdogo. Mtaani hakuna anayechanganyikiwa. Lakini kitambulisho hakina Dheere, wala ripoti ya malipo haina.

Ongeza tahajia. Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na kwa tahajia hiyo Hassan ni Xasan, Ali ni Cali, Abdi ni Cabdi, Mohamed ni Maxamed. Aliyesoma Kenya ataandika Hassan. Aliyesoma upande wa pili wa mpaka ataandika Xasan. Afisa aliyejaza fomu ya kitambulisho aliandika alivyosikia. Kwa macho yako hao ni mtu mmoja. Kwa Excel ni watu watatu.

Na usitegemee jina la aliyelipa. Karo ya mtoto mmoja inaweza kulipwa na mjomba aliye Eastleigh muhula wa kwanza, na kaka mkubwa wa pili, na wa tatu dada aliye Minneapolis akatuma kwa hawala, binamu akazipokea Garissa na kuzilipa kwa laini yake. Tena laini yenyewe imesajiliwa kwa jina la mke wa binamu. Ripoti itakuonyesha jina la huyo mke, ambaye shule haijawahi kumsikia.

Kwa hivyo ufunguo uwe nambari. Kwa shule ni nambari ya usajili ya mwanafunzi. Kwa mwenye ploti ni nambari ya nyumba. Kwa kikundi ni nambari ya uanachama. Nambari hiyo hiyo iwe mahali patatu: kwenye orodha yako, kwenye barua, na kwenye nafasi ya akaunti mtu anapolipa. Mhasibu wetu aliacha nambari zinazoanza na sifuri, akaanza zake kwa 1001. Hakuna herufi, hakuna alama ya mkwaju, hakuna "ADM" mbele. Mtu anayelipa kwa simu ndogo ya kubonyeza asipate kisingizio cha kuandika kitu kingine.

Orodha yenyewe

Fungua faili moja ya Excel yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uite Orodha. Mstari wa juu kabisa uwe na vichwa vya safu tu, bila kichwa kikubwa cha "Shule ya Fulani" juu yake na bila seli zilizounganishwa, kwa sababu Word huchukua mstari wa kwanza kuwa majina ya nafasi. Vichwa viwe vifupi, neno moja moja: Nambari, Mwanafunzi, Mzazi, Salamu, Simu, Lugha, Njia, Karo, Basari, Malipo, Salio.

Baadhi vinahitaji maelezo.

Salamu ni jinsi mzazi anavyoitwa. Word ina kitufe chake cha salamu kinachoweka "Dear Mr." na jina la mwisho. Kwa jina la Kisomali, hapo utakuwa umemsalimia babu yake, ambaye huenda alishafariki. Usikitumie. Andika wewe mwenyewe kwenye safu hii: Hajji Abdi, Mama Halima, Ustadh Ali, Mzee Hassan. Inachukua muda, ndiyo. Mhasibu alitumia jioni tatu akiuliza walimu wanaozijua familia. Lakini mzazi akiona ameitwa anavyoitwa kijijini, barua ya deni haimchomi sana.

Simu ina mtego wake. Excel ikiona 07 inadhani ni hesabu na inafuta sifuri ya mbele, halafu barua inatoka na nambari yenye tarakimu tisa. Kabla hujaandika chochote, chagua safu nzima na uibadilishe iwe Text, au andika nambari zote zikianza na 254. Wale wa +252 waandike hivyo hivyo, usilazimishe ziwe za Kenya.

Njia ni safu ya mhasibu wetu, sijaiona kwingine: barua itafika vipi. Anaandika "mwanafunzi", "basi la Wajir", "duka", au sanduku la posta na kodi yake, yaani 70100 kwa Garissa, 70200 kwa Wajir, 70300 kwa Mandera. Ukishapanga orodha kwa safu hii, barua zinatoka kwenye printa zikiwa tayari kwenye mafungu. Huku hatuna majina ya barabara na nambari za nyumba kama Nairobi, kwa hivyo zile nafasi za Word za mtaa na jiji ziache tu.

Basari ni muhimu kuliko inavyoonekana. Pesa za NG-CDF na za kaunti kwa kawaida huja shuleni kwa hundi, hundi moja kwa wanafunzi wengi. Haziko kwenye ripoti ya Paybill. Ukisahau safu hii utawadai watoto walewale ambao serikali imewalipia.

Kuunganisha malipo

Ukurasa wa pili uite Malipo. Hapa unabandika ripoti uliyopakua kutoka kwenye akaunti yako ya biashara, bila kubadilisha kitu. Tuseme nambari ya akaunti iko safu C na kiasi kiko safu D. Rudi kwenye Orodha, na kwenye safu ya Malipo, mstari wa pili, andika:

=SUMIF(Malipo!C:C,A2,Malipo!D:D)

Maana yake: tafuta kwenye ripoti kila malipo yenye nambari ya mwanafunzi huyu, yajumlishe. Mzazi akilipa mara moja au mara saba kidogo kidogo, jumla itakuja moja. Ivute hadi chini. Kisha Salio ni Karo toa Basari toa Malipo.

Na sasa naomba usome aya hii polepole, maana ndiyo iliyomrudisha yule kijana Wajir. Kabla ya kufungua Word, jumlisha safu D yote ya ripoti. Halafu jumlisha safu ya Malipo kwenye Orodha. Namba hizo mbili lazima zilingane. Tuseme ripoti inasema shilingi 1,842,500 na Orodha inasema 1,771,000. Kuna shilingi 71,500 zilizoingia ambazo hazina mwenyewe. Hizo ni za watu walioandika jina badala ya nambari, au "karo", au "term 2", au nambari ya kaka. Kila shilingi katika hizo ni ya mzazi ambaye unakaribia kumwandikia barua ya kumdai alicholipa.

Usiprinti. Chuja ripoti, zitoe hizo zisizolingana, piga simu moja moja. Malipo yakishaingia, kilichoandikwa kwenye nafasi ya akaunti hakibadiliki kwenye ripoti yetu, kwa hivyo usiifute. Ongeza safu yako pembeni, iite Sahihi, nakili humo nambari zote za safu C, kisha rekebisha zile mbovu tu. Ile SUMIF isome safu hiyo. Mhasibu aliniambia muhula wa kwanza alikuwa na malipo zaidi ya themanini ya namna hii. Muhula uliofuata, baada ya kila mzazi kupata barua yenye nambari iliyoandikwa kwa herufi kubwa nzito, yalikuwa kumi na mawili.

Tahadhari nyingine: jumla zikilingana haimaanishi kila kitu kiko sawa. Mtu anaweza kuandika 1041 badala ya 1014, na 1041 ni mwanafunzi wa kweli. Dalili yake ni salio lenye alama ya kutoa. Ukiona mwanafunzi amelipa zaidi ya karo yake, usifurahi. Tafuta nani mwingine amepungukiwa kiasi hicho hicho.

Sasa Word

Hifadhi faili ya Excel. Fungua Word, andika barua yako kama unamwandikia mtu mmoja. Nenda kwenye Mailings, bonyeza Start Mail Merge, chagua Letters. Kisha Select Recipients, halafu Use an Existing List, tafuta faili yako na uchague ukurasa wa Orodha. Pale unapotaka jina liingie, weka mshale na ubonyeze Insert Merge Field, chagua Mwanafunzi, au Salamu, au Salio. Utaona jina la nafasi ndani ya mishale miwili. Ukibonyeza Preview Results, mishale inageuka kuwa watu.

Karibu kila mtu hushtuka hapa, kwa sababu kwenye Excel iliandikwa 18,500 na kwenye barua imetoka 18500, au mbaya zaidi, na desimali ndefu kama mkia. Word huchukua namba ghafi, haichukui mapambo. Bonyeza nafasi ile kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Toggle Field Codes, na kabla ya mabano ya mwisho ongeza \# "#,##0" kisha uirudishe. Tarehe nayo hupenda kutoka kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Mwisho wa karo wa tarehe 5 Septemba ukasomeka 9/5, na mzazi akadhani amechelewa miezi minne. Dawa ni ile ile ila unaongeza \@ "d/M/yyyy".

Kwa waliomaliza karo, usiwatumie barua inayosema "Salio: 0". Ina ubaridi fulani. Mimi ningewatenga kabisa: Edit Recipient List, halafu Filter, uchague wenye Salio kubwa kuliko sifuri kwa barua ya salio, na walio sifuri wapate barua fupi ya shukrani. Unaweza pia kutumia Rules na If…Then…Else ndani ya barua moja, lakini kiolezo chenye masharti mengi kikiharibika hakuna wa kukitengeneza isipokuwa aliyekiandika, na huyo atakuwa amehamishwa. Violezo viwili vya kawaida ni bora.

Safu ya Lugha inatumika hivyo hivyo. Shule hii ina kiolezo cha Kiswahili na cha Kisomali. Cha Kisomali kiliandikwa na mwalimu, si na tovuti ya kutafsiri, na ndivyo inavyofaa.

Mwisho, Finish & Merge, na hapa chagua Edit Individual Documents, usichague kuprinti moja kwa moja. Word itakupa faili mpya yenye barua zote, uzipitie kwanza. Usisome zote. Soma wale wenye majina yanayofanana, soma ndugu walio shule moja, soma wenye salio kubwa zaidi, na umsome mmoja ambaye unajua kwa kichwa amelipa ngapi. Zikiwa sawa hizo, printi.

Kama huna Word, LibreOffice ni ya bure na inafanya kazi hii pia; menyu zake ni tofauti kidogo, orodha utaipata kupitia View na Data Sources. Ile kazi ya nambari na jumla mbili haibadiliki.

Saiba, flash, na majina ya watoto

Wengi wenu hamna printa na mtaenda saiba, pengine karibu na Suuq Mugdi au barabara ya Kismayu. Kuna mambo mawili. La kwanza ni dogo: Word hukumbuka orodha iko wapi, na flash yako ambayo nyumbani ni E, saiba inaweza kuwa F. Kiungo kitakatika, Word italalamika. Weka kiolezo na orodha kwenye folda moja, na ikilalamika, rudia Select Recipients. Ikikuuliza kama iruhusu amri ya SQL kufungua orodha, jibu Yes, ni faili yako. Afadhali zaidi, nenda saiba na zile barua zilizokamilika tu, kwa PDF, na uiache orodha nyumbani.

Hilo linatuleta kwa la pili. Orodha hii ina majina ya watoto, simu za wazazi na madeni yao. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 wewe ndiye unayewajibika nayo, na kwa taarifa za mtoto sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi. Wafanyabiashara wadogo wengi hawalazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini taasisi za elimu zinalazimika hata zikiwa ndogo. Kanuni hizo zilianza kutumika Julai 2022. Orodha ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru waliomo, una saa 72 za kumjulisha Kamishna. Faili uliyoiacha kwenye kompyuta ya saiba imevuja, hata kama hakuna aliyekuambia. Ifute, halafu ifute tena kwenye Recycle Bin, na uweke nenosiri kwenye faili ya Excel tangu siku ya kwanza.

Na kubandika majina na madeni kwenye ubao wa matangazo, au kuyasoma paredi? Barua iliyofungwa, mkononi mwa mwenyewe, inafanya kazi ile ile bila kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake kwa deni ambalo si lake.

Kipande cha chini

Kitu kimoja ambacho ningependa kila shule ikiige: chini ya barua ya mhasibu huyu kuna mstari wa nukta wa kukatia, na chini yake kipande kidogo. Juu ya kipande kuna nambari ya mwanafunzi, imewekwa na Word yenyewe. Halafu nafasi tatu za kujaza kwa kalamu: kiasi ulicholipa, tarehe, na msimbo wa muamala ulio kwenye meseji. Juu ya nafasi hizo kumeandikwa kwamba kama umelipa na barua inasema hujalipa, jaza hapa na urudishe kwa aliyekuletea, au utume msimbo huo kwa nambari ya ofisi, na mwanafunzi atabaki darasani hadi tujibu.

Kipande kikirudi, mhasibu anatafuta msimbo kwenye ukurasa wa Malipo, anajaza nambari sahihi kwenye ile safu ya pembeni, na salio linabadilika lenyewe. Aliponionyesha, sanduku la biskuti lililokuwa mezani lilikuwa na vipande tisa, viwili vimekunjwa kama vibiriti kutoka kwa kondakta wa basi la Wajir.

Ripoti ya muhula unaipata kwenye akaunti yako ya biashara, sehemu ya taarifa za malipo. Chagua tarehe ya kwanza iwe wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, maana kuna wazazi wanaolipa mapema.